Fuata Njia ya Hewa: Kuzitambua Injini za Rotari na za Nyota za Ndege za Mwanzo

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa ndege, Dar es Salaam

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, mafundi, na nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa ndege, habari za jioni. Wengine mmetoka kazini moja kwa moja na foleni ya Barabara ya Nyerere mmeionja, kwa hiyo salamu zangu zitakuwa fupi.

Swali letu ni hili. Umewekewa mezani injini ya ndege ya kati ya mwaka 1908 na 1930, au umepewa picha yake tu, ya zamani na yenye ukungu. Utajuaje ni injini gani?

Wengi huanza kwa kuhesabu silinda. Wakipata tisa, wanafungua simu, wanatafuta picha ya injini ya silinda tisa, na ya kwanza kutokea ndiyo inayopewa jina. Sasa sikilizeni: Monosoupape ya nguvu za farasi 100 ina silinda tisa. Le Rhône ya 80 ina tisa. Clerget ya 130, tisa. Bentley, tisa. Bristol Jupiter, tisa. Wright Whirlwind iliyomvusha Lindbergh Atlantiki mwezi Mei 1927, nayo tisa. Kwa hesabu hiyo umeokota ukoo mzima na hujampata mtu hata mmoja.

Mimi nawaomba muanze na hewa. Mchanganyiko wa hewa na petroli unaingilia wapi? Unapita bomba gani, na bomba hilo liko mbele au nyuma ya silinda? Mlango wake unafunguliwa na nini? Moshi unatokea wapi? Mtengenezaji aliweza kunakili umbo la mwenzake, lakini njia ya hewa kila mmoja alikuwa na yake, na hiyo ndiyo inayomtaja.

Kabla ya hapo, lazima tukubaliane juu ya maneno mawili. Ninaposema rotari sizungumzii ile injini ya pembetatu ya Mazda. Nazungumzia injini ambayo krenki, yaani mhimili unaoungwa na pistoni, imefungwa kwenye ndege na haizunguki kabisa, halafu silinda zote, pamoja na krenkikesi (kasha la krenki) na pangaboi, ndizo zinazozunguka kama gurudumu. Injini ya nyota, au radiali, ni kinyume chake: silinda zimetulia, krenki inazunguka, na pangaboi limefungwa kwenye krenki. Kwa mbali zinafanana kama mapacha, ila ukijua pa kutazama huwezi kuzichanganya.

Tazama nyuma. Katika rotari, krenki inatokeza nyuma ya injini na ina tundu katikati kama bomba, kwa sababu ndiyo njia ya hewa yenyewe: kabureta imekaa mwishoni mwa krenki, mchanganyiko unapita ndani yake hadi kwenye krenkikesi, ndipo unagawanywa kwa silinda. Hapo hapo nyuma utaona sahani ya duara yenye vipande vya shaba, ambayo inazunguka na injini. Magneto, inayozalisha umeme wa plagi, imefungwa kwenye ndege, na brashi ya kaboni inagusa vipande hivyo kimoja baada ya kingine. Kutoka kwenye sahani unatoka waya mwembamba usio na ganda hadi kwenye kila plagi. Ukiona waya mtupu umenyooshwa namna hiyo, bila mpira wala kitambaa, una rotari mkononi.

Kisha tazama moshi. Silinda inayozunguka haiwezi kufungwa bomba la eksozi, kwa hiyo rotari inatema moshi moja kwa moja kwenye kofia ya bati inayoizunguka. Kofia hiyo mara nyingi imekatwa chini kama kiatu cha farasi, ili moshi na mafuta vitokee huko. Injini ya nyota huwa na mabomba ya eksozi, na zile za baadaye zina mkufu unaokusanya moshi wa silinda zote.

Dalili ya tatu ni mafuta ya kulainisha. Kwa kuwa petroli inapita ndani ya krenkikesi ya rotari, mafuta ya madini yangeoshwa na kuchujuka. Yakatumika mafuta ya nyonyo, haya haya ya mbarika ambayo bibi zetu wanapaka nywele, kwa sababu hayayeyuki kirahisi kwenye petroli. Yalipigwa pampu ndani na hayakurudi tena. Yalitoka na moshi, yakapaka mbawa na mdomo wa rubani. Ndiyo maana rotari haina bakuli la mafuta wala pampu ya kuyarudisha kwenye tangi. Ukifungua krenkikesi ukakuta utando mgumu wa rangi ya asali, huo ni mbarika uliokauka. Lakini usiharakishe, kwani zipo injini za nyota zilizotumia mafuta hayo hayo. Kukosekana kwa bakuli na pampu ya kurudisha ni ushahidi mzito kuliko rangi ya utando.

Kuhusu idadi ya silinda, kuna faida moja tu ya kuhesabu. Injini ya mipigo minne yenye safu moja huwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu silinda zinawaka kwa kuruka moja moja: 1, 3, 5, 7, 2, 4, 6 kwa ya silinda saba, 1, 3, 5, 7, 9, 2, 4, 6, 8 kwa ya silinda tisa. Mizunguko miwili inaisha kila silinda imewaka mara moja, na kati ya mwako na mwako kwenye injini ya tisa kuna nyuzi 80 kamili. Ingekuwa na silinda nane, kuruka moja moja kungeirudisha kwenye namba 1 ilhali nusu nyingine hazijawaka. Kwa hiyo ukihesabu sita, kumi au kumi na nne, usiseme umekosea. Zunguka pembeni utazame: utakuta safu mbili, tatu na tatu, tano na tano, saba na saba.

Sasa tuziingie rotari moja moja, na hapa nitakaa kidogo.

Gnome ndiyo mama yao. Ndugu wawili wa Ufaransa, Louis na Laurent Seguin, ndio walioileta. Omega ya nguvu za farasi 50 ina silinda saba, kipenyo cha ndani milimita 110, mwendo wa pistoni milimita 120. Silinda yake imekerezwa kutoka kwenye pande zima la chuma hadi ukuta ukabaki milimita 1.5, na mapezi ya kupoozea yamekerezwa pamoja nayo. Shika pezi: ni jembamba, kali, na alama za mashine ya kukereza zinaonekana. Sasa fuata hewa. Kwenye Gnome ya kwanza hutaona bomba lolote la kuingiza likipanda kutoka krenkikesi hadi kichwa cha silinda. Utaona pushirodi, yaani fimbo ya kusukuma valvu, moja tu kwa kila silinda, na hiyo ni ya valvu ya kutoa moshi. Je, hewa inaingilia wapi? Valvu ya kuingiza imefichwa juu ya pistoni, katikati ya kichwa chake. Pistoni inaposhuka, mvuto unaifungua, na mchanganyiko unapanda kutoka krenkikesi kupitia ndani ya pistoni yenyewe. Ni werevu, lakini ni werevu wa kumchosha fundi. Springi ikilegea au valvu ikikwama wazi, moto unarudi kwenye krenkikesi iliyojaa petroli.

Dada yake mkubwa, Lambda ya nguvu za farasi 80, ana silinda saba vilevile lakini ni milimita 124 kwa 140.

Mwaka 1913 ikaja Monosoupape, maana yake valvu moja. Hii ndiyo inayowachanganya watu na Gnome ya zamani, kwa sababu kwa nje nayo haina bomba la kuingiza na ina pushirodi moja kwa silinda. Tofauti ni ya ndani. Kwenye Monosoupape kichwa cha pistoni ni kizima, hakina valvu. Badala yake kuna mstari wa matundu kuzunguka sehemu ya chini ya silinda. Pistoni ikifika chini kabisa inayafunua, na mchanganyiko mzito wa petroli kutoka krenkikesi unaingia kwa kuvutwa. Hewa safi ya kuupunguza uzito ilishaingia kwa valvu ile ile ya juu, ambayo huachwa wazi kwa muda baada ya moshi kutoka. Kwa hiyo ukiwa na silinda iliyovuliwa, igeuze na utazame chini. Matundu mengi ya duara: Monosoupape. Hakuna matundu, na pistoni ina valvu: Gnome ya kwanza.

Aina mbili za silinda tisa ndizo mtakazokutana nazo zaidi: ya nguvu za farasi 100, milimita 110 kwa 150, na ya 160, milimita 115 kwa 170. Ile ya 100 haikuwa na namna ya kweli ya kupunguza kasi. Rubani alikata umeme kwa swichi, kisha akaurudisha, ndiyo maana ukisikia rekodi za ndege hizo injini inakohoa wakati wa kutua. Hatari yake ni kwamba umeme ukikatwa petroli inaendelea kuingia, inatokea kwenye valvu bila kuungua na kujikusanya ndani ya kofia. Umeme ukirudi, kofia nzima inaweza kuwaka. Bati lililobabuka kwa ndani kwenye kofia ya Monosoupape halimaanishi lazima ndege ilitunguliwa.

Le Rhône, kwa maoni yangu, ndiyo nadhifu kuliko zote, na ndiyo rahisi kuitambua. Kila silinda ina bomba la shaba nyekundu linalopanda kutoka krenkikesi hadi kichwani. Na kila silinda ina fimbo moja tu, lakini fimbo hiyo inafungua valvu zote mbili: ikisukuma inafungua ya kutoa, ikivuta inafungua ya kuingiza. Roka yake, mkono unaobonyeza valvu, imelala juu ya silinda kama ubao wa bembea, valvu upande huu na valvu upande ule. Shaba pamoja na bembea: umemaliza kazi, ni ukoo wa Le Rhône.

Ni ipi katika ukoo huo? Fuata bomba hadi linapoungana na krenkikesi. Kwenye 9C ya nguvu za farasi 80, mabomba yako upande wa mbele, upande wa pangaboi. Kwenye 9J ya nguvu za farasi 110 yako nyuma. Hilo peke yake linatosha hata kwenye picha mbaya iliyopigwa kutoka mbele. Ukiwa na kipimo, 9C ni milimita 105 kwa 140, na 9J ni milimita 112 kwa 170.

Kuna dalili nyingine kwa anayekuta kipande kimoja tu. Silinda za Gnome na Clerget zimebanwa katikati ya nusu mbili za krenkikesi, lakini silinda ya Le Rhône ina nyuzi za skrubu chini na inafungwa ndani ya krenkikesi kama bolti, kisha nati inaikaza isilegee. Silinda moja yenye nyuzi nene chini yake, iliyookotwa peke yake kwenye chuma chakavu, inatosha kukutajia jina. Na ukifungua ndani hutakuta konrodi mama, ile fimbo inayounga pistoni na krenki, yenye konrodi ndogo zilizoshikizwa kwake, kama injini nyingine. Utakuta mifereji mitatu ya duara, mmoja ndani ya mwingine, na konrodi tatu zinateleza kwenye kila mfereji.

Hapa pana mtego. Wajerumani walitengeneza nakala. Kiwanda cha Oberursel kilitoa U.0, ambayo ni Gnome Lambda, na UR.II, ambayo ni Le Rhône 9J kwa kila kitu, ndiyo iliyoendesha Fokker Dr.I ya mbawa tatu. Kwa njia ya hewa na kwa vipimo huwezi kuitenganisha UR.II na mama yake. Hapo ndipo bati la jina na mihuri kwenye vipuri vinapoanza kuwa na maana. Sweden walikuwa na Thulin. Marekani, Union Switch and Signal ya Pennsylvania walitengeneza Le Rhône ya 80. Na hata kiwanda cha Ufaransa chenyewe kinachanganya: Gnome na Le Rhône waliungana, kwa hiyo bati linaweza kusomeka Gnome et Rhône ilhali injini ni Le Rhône tupu. Bati linakuambia nani alitengeneza. Aina yake inasemwa na njia ya hewa.

Clerget ina pushirodi mbili kwa kila silinda, zimesimama mbele sambamba, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Bomba la kuingiza liko nyuma. Kwa hiyo ukiwa mbele ya ndege aina ya Sopwith Camel, hesabu fimbo za silinda moja. Moja, pamoja na bomba la shaba: ni Le Rhône. Mbili: ni Clerget au Bentley. Camel ilifungwa zote tatu, na jina la ndege kwenye maelezo ya picha halikusaidii chochote.

Clerget 9B ya nguvu za farasi 130 ni milimita 120 kwa 160. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa ringi ya juu. Silinda ya chuma chembamba inayozunguka hupoa zaidi upande unaotangulia kukutana na hewa, upande wa nyuma unabaki na joto, na silinda inapinda na kuacha kuwa duara kamili. Ringi ya kawaida haiwezi kuziba silinda ya namna hiyo. Wakaweka ringi laini ya aloi ya shaba, nyembamba, yenye umbo la herufi L, ifuate mpindo wa ukuta. Ilifuata, lakini iliungua upesi. Ikishaungua, moto unapita pembeni ya pistoni na pistoni inakwama. Gnome nayo ilikuwa na ringi hiyo. Pistoni yenye mfereji wa ringi ya L haitoki kwenye Le Rhône, ambayo silinda yake ina bitana ya chuma cha kumimina na ilitumia ringi za kawaida.

Walter Owen Bentley, yule yule wa magari, aliliona tatizo hilo la joto akalitibu kwa alumini. B.R.1 ni ndugu wa Clerget kwa sura: tisa, fimbo mbili, bomba nyuma. Lakini silinda yake ni ya alumini yenye bitana ya chuma cha kumimina, mapezi yake ni manene zaidi, na sumaku haiishiki. Narudia, jamani: bebeni sumaku. Clerget 9Bf ni milimita 120 kwa 172, na B.R.1 ni milimita 120 kwa 170. Tofauti ni milimita mbili, na kijiti chako cha kupimia kinaweza kukosea zaidi ya hapo. Sumaku haikosei. B.R.2 ni kubwa waziwazi, milimita 140 kwa 180, iliyofungwa kwenye Sopwith Snipe, na ndipo rotari zilipofikia ukomo wake. Ukiongeza kasi ya kuzunguka, nguvu kubwa inaliwa na kazi ya kukoroga hewa tu.

Siemens-Halske Sh.III niipitie haraka. Silinda kumi na moja. Krenkikesi ilizunguka upande mmoja na krenki upande mwingine, kila moja mizunguko 900 kwa dakika. Kipenyo na mwendo ni milimita 124 kwa 140, sawasawa na Gnome Lambda. Kwa hiyo pistoni moja mkononi haitoshi kusema neno.

Tuje kwenye nyota. Kabla ya Vita ya Kwanza, ya kuijua ni Anzani. Rubani Mfaransa Blériot alivuka mlango wa bahari wa Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909 kwa Anzani ya silinda tatu zilizotandazwa juu kama vidole vitatu vya mkono. Zote ziko juu kwa sababu silinda inayotazama chini hujaa mafuta na kuchafua plagi. Baadaye Anzani ikaja na tatu zilizogawanywa sawa, kama herufi Y, kisha sita katika safu mbili za tatu, kisha kumi katika safu mbili za tano. Fuata hewa: valvu ya kuingiza haina fimbo, inavutwa na pistoni yenyewe, juu yake utaona springi nyepesi. Mapezi ni ya chuma cha kumimina, manene na ya mkwaruzo, tofauti kabisa na ukerezaji wa Gnome. Kipofu angezitenganisha kwa vidole.

Salmson, ambayo zamani iliitwa Canton-Unné, ni nyota inayopozwa kwa maji. Silinda zake hazina mapezi. Zimevikwa koti la bati na mabomba ya maji yanazizunguka. Ukiona nyota yenye rejeta, anza na jina hilo.

Hizi si habari za Ulaya pekee. Mwaka 1915 Waingereza walipoitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, walileta kwanza ndege za majini za Sopwith Type 807 zenye Monosoupape ya 100, na joto letu la pwani likazishinda kunyanyua mzigo. Baadaye, wakiruka kutoka Mafia, walitumia Caudron G.3 na Henri Farman, hadi manowari ilipomalizwa tarehe 11 Julai. Farman hizo zilikuwa na Canton-Unné. Kwa hiyo picha ya Mafia yenye ndege iliyofungwa rejeta na ndege isiyo na rejeta si fumbo. Caudron ndiyo ya kuangalia kwa makini, maana G.3 ilifungwa Gnome, Le Rhône au Anzani kutegemea iliyopatikana. Anayekuambia "Caudron G.3, kwa hiyo Le Rhône" amekisia. Mwambie akuonyeshe bomba la shaba.

Baada ya vita nyota zikashinda, na hapa mambo yanakuwa ya kawaida zaidi kwenu. Kulikuwa na Dragonfly ya ABC, silinda tisa, iliyoagizwa kwa maelfu kabla haijathibitika. Mapezi yake yalipakwa shaba, ilichemka, na krenki yake ilitetemeka vibaya kwenye kasi ile ile iliyokusudiwa kufanyia kazi. Kisha ikaja Jupiter ya Roy Fedden, milimita 146 kwa 190, valvu nne kwa silinda. Tazama kichwani: fimbo mbili, lakini kila roka inabonyeza valvu mbili. Boti za angani za Short Calcutta zilizofanya kazi kwenye njia ya shirika la Uingereza la Imperial Airways, iliyofika Mwanza mwaka 1931, zilikuwa na Jupiter tatu. Zile boti za Empire zilizotua bandarini hapa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1937 zilikuwa na injini nne za Pegasus, na Pegasus ina kipenyo na mwendo ule ule wa Jupiter. Mnaona tena kwa nini kipimo hakitoshi.

Kwenye kupima kwenyewe, fanyeni hivi. Usilazimishe injini iliyokwama. Mbarika uliokauka hausikii petroli wala dizeli. Loweka kwa spiriti, maana mbarika unayeyuka kwenye alkoholi. Acha siku kadhaa. Ukipata mzunguko, toa valvu ya juu na uingize kijiti cha mbao, si cha chuma, kupitia tundu la valvu. Usitumie tundu la plagi kwenye rotari, kwa kuwa plagi imekaa ubavuni na kijiti kitalala mshazari. Zungusha taratibu, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa, weka nyingine ikiwa chini kabisa. Umbali kati ya alama ni mwendo wa pistoni. Rudia kwenye silinda tatu tofauti, kwani silinda nyingi za makumbusho zimebadilishwa.

Kisha soma namba. Kila silinda ina muhuri wa nafasi yake, na mara nyingi namba ya injini. Zikikosana, andika zote. Injini ya mchanganyiko si aibu, ila iandikwe hivyo. Angalia pia usije ukadanganywa na mpya. New Zealand kuna karakana inayotengeneza Monosoupape za 100 leo hii, na Australia wanatengeneza nyota ndogo za Rotec ambazo wengi huzifunga kwenye ndege za kuigiza za Vita ya Kwanza. Starta ya umeme na alternata nyuma yake zitakuambia.

Kuna jambo moja la usalama kwa watakaokutana na nyota inayoweza kuwaka. Mafuta hujikusanya kwenye silinda za chini usiku. Ukipiga starta bila kwanza kuzungusha pangaboi kwa mkono, umeme umezimwa na plagi za chini zimetolewa ukihisi ugumu, pistoni inakuta mafuta ambayo hayabanwi, na konrodi inapinda. Haivunjiki siku hiyo. Inavunjika wiki ijayo ukiwa angani. Waliohudumia DC-3 za East African Airways wanalijua hilo.

Na la mwisho ni la wale watakaoletewa kitu kutoka Rufiji, Mafia au kwenye lundo la chuma chakavu Gerezani. Usipige mchanga wala brashi ya waya kabla hujapiga picha. Piga ya mbele, ya nyuma, ya ubavu, na ya chini ya silinda, weka rula kwenye kila picha. Bati la jina lifute kwa kitambaa na spiriti tu. Herufi zilizogongwa kwa kina kidogo hupotea kwa msasa mmoja. Kama limeshang'olewa, tafuta matundu manne madogo ya riveti kwenye krenkikesi na upime umbali kati yake, kwa sababu ukubwa wa bati lililokuwa hapo nao ni ushahidi. Halafu peleka picha hizo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kabla kitu chenyewe hakijapanda mizani.

Sasa tupokee maswali, na mwenye sumaku aipitishe huku mbele, hii silinda iliyoko mezani bado haijatajwa jina.